Anti Nijibu: Naenda Seoul, shopingi nikafanyie wapi?

Haya wapendwa, mwezi huu barua zote ni Seoul, Seoul, Seoul, sijui ni zile tamthilia zenu au ndo watu mmeanza kupata skolashipu, basi nimeona niyajibu yote kwa mpigo. Ila kabla sijaanza niwaambie kitu, maana nusu ya barua zinauliza "Anti, wapi ni bei chee?" Seoul haiulizwi hivyo. Kule kila mtaa una bidhaa zake na una saa zake, ukienda mtaa wenyewe saa siyo unakutana na milango imefungwa, ukienda saa yenyewe mtaa siyo unalipa mara tatu. We niambie unataka nini, mi nikwambie uende wapi na uende saa ngapi.

Anti shikamoo. Nimepata nafasi ya masta Seoul, naingia mwisho wa mwezi wa 8. Walionitangulia wananitisha na baridi, na mfuko wangu unaujua mwenyewe ni wa mwanafunzi. Nguo na vitu vya chumbani nikanunue wapi? (Mwanafunzi Mtarajiwa)

Marahaba mwanangu, hongera sana. Kwanza nakuomba usijaze begi makoti. Mwisho wa mwezi wa 8 Seoul bado ni joto la kutoa jasho, baridi inaanza kung'ata Novemba, Januari ndo kuna usiku unashuka mpaka hasi 10 na zaidi, kwa hiyo una miezi miwili ya kuzunguka taratibu huku unajifunza bei. Na koti linalotakiwa kule ni lile refu la kufika magotini lililoshindiliwa manyoya ya bata mpaka limevimba, utaona kila mtu analo, hilo kanunue huko huko.

Nguo za kila siku anzia Goto Mall. Hili ni soko la chini ya ardhi pale stendi ya Express Bus Terminal, laini ya 3, ya 7 na ya 9 za treni ya chini ya ardhi zote zinasimama hapo. Ni korido ndefuuu, maduka zaidi ya 600 yamepangana pande zote, nguo, viatu, soksi, shuka, mapazia, maua ya plastiki, na bei zimeandikwa kwa mkono kwenye maboksi, won 5,000, won 10,000 (won ndo hela ya Korea), unaziona kwa mbali hata Kikorea hujui. Mvua ikinyesha nusu ya jiji inahamia humo. Ubaya wake ni kwamba kujaribu hakuna, na nguo nyingi za kike ni saizi moja tu, na hiyo saizi moja imekatwa kwa msichana mwembamba wa kule, we mwenye hipsi zako usije ukadanganyika na jina. Beba blauzi yako inayokukaa vizuri, iweke juu ya ile unayoitaka, pima mabega na kiuno ndo utoe hela, kwa sababu kurudisha wengi wanakataa.

Mitumba? Ipo mwanangu, tena mingi. Panda laini ya 1 au ya 6 ushuke Dongmyo, tokea mlango namba 3, fuata watu. Soko limezunguka kuta za hekalu la zamani lililomalizika kujengwa 1601, hapo wikendi nguo zinamwagwa chini marundo marundo na watu wameinama wanachambua, wazee wastaafu wako na kofia zao, vijana wa fasheni nao wamo humo humo wanagombea jaketi za ngozi za miaka ya 80. Kuna mashati ya won 1,000 na 2,000, makoti mazito yanapanda lakini bado hayafiki bei ya dukani hata robo. Nenda mchana, ukienda asubuhi sana bado hawajamwaga. Na uende na keshi, noti ndogo ndogo.

Chumbani sasa. Vyombo, hanga, ndoo, mswaki, taulo, vyote Daiso. Ni maduka yaliyotapakaa kila mtaa na bidhaa yake ya bei ya juu kabisa ni won 5,000, haizidi hapo, nyingi ni 1,000 na 2,000. Lile la Myeongdong ni jengo zima la ghorofa 12. Ila meza, kiti, kifriji, hivyo usinunue vipya, subiri upate laini ya simu ya kule halafu uweke aplikesheni ya Danggeun, hapo majirani wanauziana vitu vyao na wengine wanagawa bure kabisa ilimradi ukabebe mwenyewe. Unaingia wakati mzuri pia, Agosti muhula unakaribia kuanza, kuna wanaohama na wanataka kuachia vitu haraka.

Kitu kimoja cha kero: supamaketi kubwa kama E-Mart, Homeplus na Lotte Mart sheria inazilazimisha kufunga siku mbili kwa mwezi, sehemu nyingi ni Jumapili ya 2 na ya 4 ingawa kuna wilaya zimehamishia katikati ya wiki. Usije ukabaki na wali mkavu. Na mfuko wa plastiki wa bure humo haupo, beba begi lako. Kwenye simu weka Naver Map, Google Maps kule inasuasua.

Habari za siku Anti. Nina duka la nguo za kike na nataka kufuata mzigo mwenyewe. Nasikia Dongdaemun ndo kwenye jumla, lakini shoga yangu alienda akasema hamna kitu, bei ni za dukani tu na alizunguka kuanzia saa 5 asubuhi mpaka jioni. Nani mkweli? (Mama Butiki)

Nzuri mdogo wangu. Wote wakweli, shoga yako hakukosea mtaa, kakosea saa. Jumla ya Dongdaemun ni biashara ya usiku.

Ngoja nikupe ramani. Katikati pale kuna lile dude la fedha la mviringo kama chombo cha anga, linaitwa DDP, alilichora Zaha Hadid na likafunguliwa 2014, hilo ndo alama yako. Upande mmoja wa DDP kuna majengo ya rejareja kama Doota, mchana yako wazi, taa zinawaka, wadada wanakukaribisha, hapo ndo shoga yako alipoishia. Ng'ambo ya pili kuna majengo mengine, apM, Nuzzon, Designer Club na wenzao, mchana ukipita utadhani yamekufa. Saa 2 usiku ndo yanafunguliwa mpaka alfajiri saa 11 hivi, na ikifika usiku wa manane mabasi yanashusha wenye maduka kutoka mikoani, pikipiki zimebeba viroba kupita kimo cha dereva, vijia vya ndani unapita ubavu ubavu. Yale majengo ya zamani kando ya mto Cheonggyecheon yana saa zake tofauti, mengine yanaanza usiku wa manane yanaenda mpaka mchana. Mengi hayafanyi kazi Jumamosi na yanarudi Jumapili usiku, kwa hiyo ukipanga safari ya wikendi umepanga kwenda kulala hotelini.

Ukiingia ujibebe kama mwenye duka. Usianze kunyanyua nguo moja moja na kujiangalia kwenye kioo, pale hakuna kujaribu na hakuna anayekusubiri. Usipige picha, hilo wanachukia mno kwa sababu wanaogopa mitindo yao kuigwa, watakufokea mbele za watu. Kipande kimoja wengi hawauzi au wanakupa kwa bei ya kukufukuza, wanataka angalau viwili vitatu vya mtindo mmoja, na wakijua unarudi ndo bei inalegea. Malipo keshi. Wanakuandikia hesabu kwenye kikaratasi wanakiita jangkki, hicho kitunze kuliko pasi yako ya kusafiria, maana mtindo ukiisha unaweza kulipia leo mzigo ukatoka siku zinazofuata, na hicho kikaratasi ndo ushahidi pekee ulionao.

Kingine, utaona wanaume wanakimbia na mifuko mikubwa meusi wanakusanya mizigo iliyoachwa milangoni. Hao wanaitwa samchon, yaani wajomba, lakini ni kama mawinga tu, wanalipwa na wenye maduka wa mbali ili wawanunulie na kuwakusanyia bila wao kufika. Ukishajua maduka yako baada ya safari ya kwanza, tafuta samchon anayeaminika na wenzako wa biashara, utaokoa nauli nyingi. Lakini safari ya kwanza nenda mwenyewe, kitambaa hakionekani kwenye picha.

Na kama una fundi wako, mi ningekushauri hela nyingine usipeleke kwenye nguo kabisa, peleka kwenye vitambaa. Dongdaemun Jonghap Sijang, soko lipo tangu 1970, hili linafanya kazi mchana na Jumapili linafunga. Humo ni vitambaa, lesi, vifungo, zipu, ribani, ghorofa juu ya ghorofa, na ghorofa ya 5 ni shanga na vito vya kutengenezea hereni tu. Kwenye kila kibanda utaona vipande vidogo vimening'inizwa na karatasi zenye namba, hizo ni sampuli, unachukua bure unaenda nazo unafikiria. Wanapima kwa ma, ma moja ni yadi moja, kama sentimita 91, sio mita, piga hesabu yako vizuri. Mi humo naweza kupotelea siku nzima na sijanunua hata kifungo.

Ukimaliza pita darajani pale Cheonggyecheon uone sanamu ya Jeon Tae-il. Alikuwa fundi wa kukata nguo kwenye viwanda vidogo vya Pyeonghwa Market, wasichana wadogo wakishona usiku na mchana kwenye vyumba visivyo na hewa, na tarehe 13 Novemba 1970 akajichoma moto akiwa na miaka 22 akidai sheria ya kazi ifuatwe. Vile viblauzi tunavyofurahia bei yake vina historia hiyo.

Anti mambo, mi mguu wangu ni namba 45 na mwili ni wa kutosha. Kuna kitu nitapata Seoul au niende kutembea tu? (Bonge la Mtu)

Poa kaka. Kwenye maduka ya kawaida utateseka kidogo. Viatu vyao wanapima kwa milimita, 45 yako ni kama 290, na madukani vya kiume mara nyingi vinagotea 280. Mashati ya kiume utakuta 95, 100, 105, hizo ni sentimita za kifua, we omba kuanzia 110.

Dawa yako ni Itaewon, laini ya 6. Mtaa ule ulikulia pembeni ya kambi ya jeshi la Marekani ya Yongsan, wanajeshi walikuwa wateja, ndo maana maduka ya saizi kubwa na mafundi suti yakajaa pale, na ingawa makao makuu ya jeshi yalihamia Pyeongtaek 2018 maduka kadhaa bado yapo. Suti ya kushonewa pale ni wazo zuri kwa mwili wako kuliko kuhangaika na ya kutundikwa. Na ukipanda kile kilima kuelekea msikiti mkuu, ule uliofunguliwa 1976, utakuta bucha za halali, viungo, migahawa ya watu wa kila bara wakiwemo ndugu zetu Waafrika, na kwa dada zetu wanaouliza saluni za rasta na wigi, ni mitaa hiyo hiyo.

Shikamoo Anti, nataka vipodozi vya Kikorea vya ukweli. Myeongdong ndo penyewe? Mi ni mweusi wa chokoleti. (Ngozi Laini)

Marahaba mrembo. Myeongdong ni pazuri kwa kuona, maduka ya vipodozi yamebanana mtaa mzima, wanakutilia sampuli za maski kwenye mfuko, jioni mikokoteni ya chakula inapangwa katikati ya barabara. Ila ni mtaa wa wageni na bei za vile vyakula ni za wageni, kula huko mara moja upige picha basi.

Kununua kwenyewe ingia Olive Young yoyote, ni maduka ya vipodozi yaliyo kila kona ya jiji, huna haja ya kubanana na watalii. Kama tarehe zako zinasogezeka, lenga mwezi wa 3, wa 6, wa 9 au wa 12, ndo miezi wanayofanya punguzo kubwa. Siku za kawaida tafuta alama ya 1+1, unalipia moja unapewa mbili.

Sasa kuhusu rangi yako nikwambie ukweli. Losheni, seramu, sabuni za uso, maski, nunua ujaze begi. Krimu za jua ndo usiache kabisa, kuna nyingi nyepesi kama maji ambazo haziachi ule weupe wa majivu usoni, jaribu nyuma ya mkono pale pale dukani, wameweka za kujaribia. Lakini faundesheni, mmh. Wao namba zao ni 21 na 23, 21 ni weupe na 23 wanaiita ya mtu mweusi kidogo, we hapo hata hujaanza kuhesabiwa. Kampuni ya TIRTIR ndo walioshtuka 2024 wakaongeza rangi nyingi za ile kushoni yao, faundesheni ya kwenye kikopo chenye sponji, baada ya wadada weusi kupiga kelele mitandaoni, ila nenda ukiwa unaijua namba yako kabisa kwa sababu sio kila tawi linaweka za giza. Na ukiona pakiti imeandikwa mibaek jua ni ya kung'arisha ngozi, kama hutaki hayo mambo rudisha kwenye shelfu.

Anti, mi ni baba wa mapacha wa miaka 3, mke kanipa listi ya nguo za watoto, na mi mwenyewe nataka miwani. Nina siku moja tu. (Baba Mapacha)

Siku hiyo moja ipeleke yote Namdaemun, laini ya 4, kituo cha Hoehyeon, mlango namba 5. Soko liko jirani na lango la Sungnyemun, lile lililochomwa moto 2008 likajengwa upya mpaka 2013. Usiende Jumapili, maduka mengi yanafunga.

Nguo za watoto pale ndo nyumbani kwake, kuna majengo mazima ya watoto tu kama Burdeng, wenye maduka kutoka kote nchini wanachukulia humo usiku. Wewe wa rejareja nenda asubuhi mpaka mchana mapema, jioni wengine wameshafunga wamelala. Watoto wa kule saizi zinaenda kwa urefu, kwa hiyo wapime mapacha sentimita kabla hujaondoka, usitegemee "miaka 3".

Miwani anza nayo kabla ya nguo. Pale maduka ya miwani yamejipanga, unapimwa macho hapo hapo, unachagua fremu, na kama lenzi yako ni ya kawaida unaweza kuipata siku hiyo hiyo, mara nyingi hata saa nzima haiishi. Ikiwa ni ya maagizo maalumu utasubiri siku kadhaa, waambie mapema unasafiri. Wakati wanakata lenzi wewe uko kwenye nguo za watoto, na ukisikia njaa ulizia kichochoro cha kalguksu, tambi za kukatwa kwa kisu, mama mmoja akikuita mwingine anakuita, kaa popote.

Anti, nina saa 9 za kusubiri ndege Incheon. Inatosha kufanya shopingi mjini? (Mpita Njia)

Kama viza au pasi yako inakuruhusu kutoka nje, inatosha, hilo ndo la kuhakikisha kwanza. Treni ya AREX ya moja kwa moja inakufikisha Seoul Station kwa dakika 43 ukitokea Terminal 1. Ukitua asubuhi fanya hiyo, maana maduka ya mitindo mengi yanaamka saa 5 au 6 mchana na wewe huna muda wa kungoja. Pale pale stesheni kuna Lotte Mart kubwa, wasafiri wanabeba maboksi ya mwani, biskuti na kahawa za pakiti, na Namdaemun ni mwendo wa miguu. Ukitua mchana au jioni panda ile AREX inayosimama vituo vyote ushukie Hongik University, mtaa wa Hongdae, wa vijana, nguo na viatu na muziki wa barabarani mpaka usiku. Begi kubwa acha kwenye loka. Na kurudi usiache kwa kubahatisha, ile treni ya vituo vyote ni kama saa nzima.

Eti kuna kurudishiwa kodi? Inakuwaje? (Mchumi)

Ipo. Bei ya dukani kule tayari ina kodi ya asilimia 10 ndani, na mgeni anarudishiwa sehemu ya hiyo, sio yote, kuna makato. Risiti iwe ya kuanzia won 15,000, zamani ilikuwa 30,000 wakashusha 2024, na duka liwe na kibao cha kurudisha kodi. Wengine wanakukatia pale pale kaunta ukionesha pasi, hiyo ni kwa risiti isiyofika won milioni 1, nyingine unamalizia uwanja wa ndege kwenye mashine. Pasi halisi, picha kwenye simu usiitegemee. Kwa zile za uwanja wa ndege, mashine ipitie kabla hujakabidhi begi, wanaweza kutaka kuona vitu na vikishaenda kwenye mkanda ndo basi tena.

We Mwanafunzi Mtarajiwa wa kule juu usijipe moyo, hii ni ya wasiokaa zaidi ya miezi 6. Na masoko ya wazi kama Dongmyo usiulize hata hiyo habari.

Mkuu Anti, nataka simu na vifaa vya kompyuta. Yongsan bado inalipa? (Fundi)

Yongsan, soko la vifaa vya elektroniki, inalipa ukienda na bei kichwani. Wakorea wenyewe kabla ya kutoka nyumbani wanaangalia Danawa, ni mtandao wa kulinganisha bei, ndo wanaenda Yongsan kwenye majengo kama Seonin Sangga wanamwonesha muuzaji. Bila hiyo namba utaulizwa "ulitegemea shilingi ngapi?", sijui kwa won wanasemaje, na ukijibu tu umekwisha. Kituo ni Yongsan laini ya 1.

Simu fikiria mara mbili. Simu za soko la Korea kamera yake inalia kila ukipiga picha na ukiwa kule huwezi kuizima, walikubaliana hivyo miaka ya 2000 kuzuia watu kupigwa picha kwa siri. Vifaa vya umeme navyo ni volti 220 na hezi 60, plagi ya miguu miwili ya mviringo. Chaja ya laptopu haina shida, ila chenye mota ndani soma kibati chake kwanza.

Kubagein wanaruhusu? (Bibi Harusi)

Madukani ya vioo hapana, utajiaibisha. Sokoni kidogo, na uwe na keshi mkononi inayoonekana. Sema kkakka juseyo, yaani nipunguzie, kwa tabasamu, mara moja tu. Akikataa usibishane, mwombe nyongeza, soksi ya ziada, konzi ya karanga, hiyo wamama wa sokoni wanaitoa kwa moyo kuliko kushusha bei. Na wewe kwa kuwa ni bibi harusi pita Gwangjang, laini ya 1 Jongno 5-ga, soko la tangu 1905, juu kuna hariri na mafundi wa hanbok, yaani vazi la asili la Kikorea, chini wanakaanga chapati za choroko ziitwazo bindaetteok. Uliza bei kabla ya kukaa.

Anti, nikibeba kimchi kwenye ndege nitakamatwa? (Mpenda Pilipili)

Kwenye begi la mkononi watakunyang'anya, kimchi na ile rojo ya pilipili ya gochujang wanahesabu kama kimiminika. Weka begi la kukabidhi, mwambie muuzaji unasafiri nayo akufungie, Namdaemun na supamaketi za stesheni wamezoea. Funga mfuko mara mbili na uzungushie nguo ambazo huzipendi sana, maana ile kitu inaendelea kuchacha humo humo njiani na mfuko unavimba.